Habari Aliyoibeba Bhoke Mwikwabe

Chumba cha Bhoke Mwikwabe kiko mjini Migori, kati ya kinu cha kusagia mahindi na kibanda cha Edith Akoth cha kushona nguo. Unga mwepesi huingia kwa dirisha na kutua juu ya kompyuta zake mbili, naye kila asubuhi huzifuta kwa kitambaa cha samawati, mabaki ya sare za shule aliyopewa na Edith. Ubao wa mlangoni unasema kwamba hapa watu hupigiwa chapa, hutolewa nakala na kusaidiwa kujaza fomu za serikali. Kazi yake hasa haikuandikwa. Alipojaribu kuiandika, ubao ulikuwa mdogo.

Kazi yenyewe ni hii. Mtu huja na huduma zake za mtandao zikiwa zimetawanyika, fomu huku, orodha kule, kalenda, barua pepe, ujumbe wa simu, na Bhoke huziunganisha ili moja ikiguswa nyingine iitike yenyewe bila mtu kunyanyua kidole. Kila muungano yeye huuita kamba, na kila hatua yake fundo. Huchora mstari nyuma ya karatasi iliyoharibika na kumwambia mteja, "Fundo la kwanza ni kitu kutokea. La pili ni kitu kufuata. Nipe hayo mawili, mengine niachie."

Omwenga, anayekusanya maziwa Uriri, hupata ujumbe kila alfajiri ukimwambia aanzie boma gani, kwa sababu wakulima wake huandika kwenye fomu jioni ni lita ngapi wanatarajia. Mwalimu Nyakundi hukagua majina ya wanafunzi asubuhi, na mzazi wa asiyekuja huulizwa hapo hapo kuna nini. Omanga, mwenye duka la dawa za mifugo Rangwe, alifungiwa kamba ya kuwakumbusha watu chanjo ya kuku siku ishirini na moja baada ya kununua vifaranga.

"Hiyo yako ya kuku imenitia aibu," Omanga alimwambia siku moja, akicheka tayari. "Juzi mama mmoja amenijibu, kuku gani, tulishakula wote."

"Si ungemuuliza kama walikuwa watamu?"

"Nilimuuliza. Akasema ungekumbusha mapema tungewaacha wazae."

Bhoke alicheka mpaka akashika meza. Alikuwa mtu wa kucheka namna hiyo, kwa mwili wote, mpaka Edith akawa anapiga ukuta wa mabati kutoka upande wake na kuuliza kuna nini huko.

Hakusomea kazi hii. Alizaliwa Kuria, karibu na mpaka, katika nyumba iliyonuka tumbaku mwaka mzima. Alipomaliza shule aliajiriwa ghalani kuandika uzito wa mizigo. Namba ile ile aliiandika kwenye daftari, kisha kwenye kompyuta, kisha kwenye barua ya kwenda makao makuu. Miaka sita aliandika kila kitu mara tatu. Kisha mchana mmoja, kwa kubahatisha tu na kwa uvivu mtakatifu, aligundua kwamba iko huduma mtandaoni inayoweza kuichukua namba kutoka pale alipoiandika mara ya kwanza na kuipeleka kwingine kote. Husema alikaa pale na mikono mapajani, akaitazama namba ikienda peke yake, akaona kama mtu amemtua mzigo kichwani. Ghala lilipofungwa alikodi chumba hiki. Alitaka kuwatua na wengine.

Kwa hiyo isidhaniwe kwamba alichokifanya baadaye alikifanya kwa kiburi. Kilikuwepo kiburi kidogo, yeye mwenyewe hukitaja. Lakini kilichomsukuma zaidi kilikuwa huruma.

Yeye na Edith walikuwa katika kikundi kimoja cha akina mama, wanachama arobaini na mmoja, Waluo, Wakuria, Wakisii, wafanyabiashara wa Migori na Uriri na wengine waliokuwa wamehamia Rangwe na Homa Bay. Kazi kubwa ya kikundi ilikuwa kufikiana katika shida. Mmoja akifiwa, wote waende. Katibu wao, Scovia, mjane mwenye sauti ndogo, alikuwa akiwapigia simu mmoja mmoja akifuata daftari. Kisha Scovia akaugua malaria, simu yake ikazimika siku nne, na mume wa mwanachama mmoja akazikwa Uriri wenzake watano tu wakiwapo. Mjane yule alitazama viti vitupu ambavyo watu walikuwa wamekodi kwa ajili ya kikundi. Bhoke alikuwa mmoja wa wale watano. Alirudi nyumbani akiwa ameamua kwamba jambo hilo halitatokea tena.

Alifunga kamba nzuri. Fomu fupi: jina la mwanachama, aina ya shida, aliyepatwa ni nani wake. Ukibonyeza, majina yanaingia kwenye orodha, na simu za wanachama wote zinapokea ujumbe. Alipoionyesha mkutanoni, nyumbani kwa mwenyekiti wao Nyakerario, akina mama walipitisha simu mkono kwa mkono kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Scovia peke yake ndiye aliyeuliza swali.

"Na yule aliyefiwa? Yeye pia yuko kwa orodha."

"Yeye si atakuwa anajua, mama? Msiba ni wake."

"Si kila mara. Mimi hupigia jirani kwanza. Nauliza, ameambiwa? Kama bado, nanyamaza. Hata siku mbili nanyamaza. Hiyo kitu yako inajua kunyamaza?"

Watu walicheka. Bhoke naye alicheka, kwa upole, kwa sababu alimpenda Scovia. "Nikiweka fundo la kusubiri mpaka mtu aangalie, Mama Scovia, tutarudi pale pale. Utakuwa shambani, simu haina chaji, na mtu anazikwa wenzake hawajui."

"Umesema ukweli," alisema Scovia, akakunja daftari lake. Alifikiri wanazungumzia kulala kwake kitandani kwa malaria, na aliona haya.

Katika nyumba za huku, ziwe za Waluo au za Wakuria au za Wakisii, mtoto wa marehemu haambiwi kwa simu. Anaitwa. Anaambiwa mzazi wako hajisikii vizuri, njoo. Anafika, anapewa kiti, anapewa maji, watu wawili wenye mikono ya nguvu wanakaa pembeni yake, ndipo shangazi au mjomba anafungua mdomo. Bhoke alijua hayo. Baba yake alipofariki walimtoa ghalani kwa habari ya maumivu ya mgongo, na njia nzima alikuwa akiwaza dawa gani ya kuchua atamnunulia. Alijua, kama ajuavyo njia ya kwenda kisimani kwao. Ila lilikuwa jambo linalojulikana kiasi kwamba hajawahi kumsikia mtu akilisema kama sheria, na fomu huuliza tu yale ambayo mtu amekumbuka kuyauliza.

Kwa miezi saba kamba ilifanya kazi. Mazishi yalijaa. Watu walimshukuru Bhoke barabarani.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Mama yake Edith, aliyekuwa akiishi peke yake kwao Rangwe, alikuwa ameamka na kifua, na kabla gari halijapatikana akawa amekata roho. Jirani yake Liz, muuza nafaka na mwanachama wa kikundi, alikuwapo, akamfunga kitambaa kidevuni. Kisha akatoka nje akilia na kufanya alichofundishwa. Bhoke alikuwa amewaambia mara nyingi: msipigiane simu, habari itapindika njiani, jazeni fomu. Liz alijaza fomu.

Simu ya Bhoke ililia juu ya meza. Jambo la kwanza alilofanya, na hili hajalisimulia kwa watu wengi, ni kutazama saa ya kompyuta. Alikuwa na mazoea ya kupima. Sekunde kumi na sita tangu fomu ijazwe. Akafurahi. Alifurahi kwa muda wa pumzi moja, kisha akasoma jina.

Ng'ambo ya ukuta wa mabati, cherehani ilikuwa imenyamaza.

Alikimbia. Kibandani kwa Edith kulikuwa na msichana aliyekuwa akipimwa sare, amenyoosha mikono yote miwili kama alivyoambiwa, hajui kama airudishe. Edith alikuwa na mkasi mkono mmoja na simu mkono wa pili. Hakuwa akilia. Alikuwa na uso wa mtu anayesoma barua iliyoletwa kwake kimakosa.

"Nyar Kuria," alisema. Ndivyo alivyomwita siku zote, binti wa Wakuria, naye Bhoke alimwita Nyar Rangwe. "Hii kitu inaniambia nijiandae kujitembelea."

"Ati mwenzetu Edith Akoth amefiwa na mama. Ati nimwombee." Akainua macho. "Ni kweli, ama mashine imekosea?"

Maisha yake yote ya kazi, Bhoke alikuwa ameomba mashine isikosee. Sasa alisimama pale akiomba iwe imekosea, iwe ni Liz amebonyeza vibaya, iwe ni mama ya Edith mwingine. Lakini alikuwa ameifunga yeye, fundo kwa fundo, na aliijua kazi yake. Edith aliusoma uso wake kama alivyousoma ujumbe. Akauweka mkasi mezani, taratibu, na kumwambia msichana, "Shusha mikono, mtoto wangu. Urudi kesho." Ndipo akaketi sakafuni.

Mume wake Otieno alikuja na gari la rafiki wakaondoka kwenda Rangwe. Bhoke alirudi chumbani kwake na kuifuta kamba. Ilichukua kubofya mara mbili. Mashine ilimuuliza kama ana hakika.

Scovia alipiga simu. "Sikupigii kukulaumu," alisema. "Nauliza tu. Alikuwa na nani?"

"Alikuwa na mteja. Msichana wa shule."

"Aah," alisema Scovia.

Alasiri hiyo hiyo Bhoke alifika Rangwe. Nyumba ilikuwa imejaa tayari, na maturubai yalikuwa yakifungwa. Alijipanga kupokea lolote, matusi, kugeuziwa mgongo, hata kofi. Edith alikuwa ameketi mkekani katikati ya shangazi yake Awuor na wanawake wengine. Alimtazama Bhoke kwa muda, kisha akamwashiria akae karibu.

"Tony yuko Remba," alisema.

Tony alikuwa ndugu yake pekee, kitinda mimba wa mama yao, mwanamume wa miaka thelathini na nne anayetengeneza injini za boti katika kisiwa hicho cha ziwani.

"Watu arobaini wanajua, yeye bado," Edith aliendelea. Sauti ilikuwa tambarare. "Nataka aambiwe hapa, akiwa amekaa, na shangazi. Si kwa simu. Si akiwa peke yake katikati ya watu wasiomjua. Wewe ndiye utamleta."

"Edith, kuna binamu zako wanaume. Mimi hata maji—"

"Binamu zangu wataanza kulia wakishuka tu kwa boti." Alishika kiganja cha Bhoke, akakishika kwa nguvu isiyokuwa ya upendo wala ya chuki. "Na simu yake uichunge. Wewe unajua vile hizo vitu zinakimbia."

Shangazi Awuor aliongeza, akitazama pembeni, "Usimwambie uongo mkubwa. Mwambie mama hajisikii. Hayo yanatosha."

Asubuhi Bhoke alipanda boti Mbita. Alikua kwenye mashamba ya tumbaku, maji mengi kuliko ya ndoo hakuyaamini. Alikaa chini kabisa, akashika ubao kwa mikono miwili, akatapika mara mbili, na mwanamke aliyekuwa na magunia matupu ya omena, dagaa wa ziwani, akamwambia kwa wema kwamba ziwa linamsalimia tu.

Remba huonekana kwanza kama mabati yanayoelea. Ukikaribia unaona kwamba chini ya mabati kuna watu, wengi kupita kiasi, na kwamba kila nafasi isiyo na mtu ina omena walioanikwa. Aliuliza fundi wa injini anayeitwa Tony wa Rangwe, akaonyeshwa. Alikuwa amechuchumaa kwenye mchanga, mikono myeusi mpaka viwikoni, na injini imefunguliwa mbele yake.

"Dada Bhoke?" Alisimama. "Wewe na maji?"

"Mimi na maji, Tony. Yamenimaliza."

Alicheka. Kisha kicheko kikapungua, akaanza kufuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. Alifuta kwa muda mrefu.

"Mama hajisikii vizuri," alisema Bhoke. "Edith anakutaka nyumbani."

"Hajisikii vipi?"

"Wanakutaka nyumbani, Tony."

Alimtazama. Alitazama boti iliyomleta, kisha akamtazama yeye tena, sketi yake iliyolowa mpaka magotini. "Sawa," alisema. "Acha nibadilishe shati."

Lakini kabla ya kwenda botini alipitia kwa akina mama wa samaki. Alitaka mbuta, mkubwa, mwenye kichwa cha maana. Muuzaji alimjua.

"Leo unapikia nani, we Tony? Na hujaoa."

"Napelekea mpenzi wangu wa kwanza. Yeye hula kichwa tu, sehemu zingine anagawia watu."

"Huyo ni mama yako, usinidanganye."

"Ndiye," alisema Tony. "Mfunge vizuri, safari ni ndefu."

Bhoke alitazama chini, kwenye mchanga uliojaa magamba. Angeweza kumzuia. Hakukuwa na namna ya kumzuia bila kumwambia.

Botini alimwomba simu. Alisema mkoba wake hauingii maji, amwekee. Tony alimpa mara moja, bila kuuliza, naye Bhoke akaitia mkobani, akaukalia mkoba.

Njiani Tony alizungumza. Alizungumza juu ya mama yake bila kukoma, mwanamke aliyelima njugu mpaka uzeeni, aliyemchapa kwa mwiko kwa kuiba sukari na kesho yake akampa sukari, ambaye bado humpigia simu katikati ya kazi kumuuliza kwa nini redio imenyamaza, kumbe ameizima mwenyewe.

"Akipiga tena nitamwambia anunue nyingine," alisema. "Unaonaje?"

"Atakataa," alisema Bhoke. "Ameizoea hiyo."

"Kweli. Atakataa."

Kila Bhoke alipojibu ilimbidi amfanye mama yule awe hai. Atakataa. Atacheka. Anapenda hivyo. Maneno mepesi, na hakuwahi kuinua kitu kizito hivyo. Alifikiria wale waliomleta yeye kutoka ghalani miaka ile, dereva na binamu mmoja, waliozungumza njia nzima juu ya maumivu ya mgongo na dawa ya kuchua. Hakuwahi kuwashukuru. Alikuwa amedhani walimdanganya kwa sababu ilikuwa rahisi.

Walipoikaribia Mbita, mtandao ulirudi, na simu ikaanza kutetemeka chini yake. Ilitetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Alijua ni nini. Watu wema, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wameandika pole. Alikuwa amefundisha nusu ya mji kuandika haraka namna hiyo.

"Kuna mtu anatafutwa hapo," alisema Tony.

"Ni yangu. Ni wateja."

"Jibu basi."

"Watangoja."

Tony aligeuza uso kutazama maji, na mpaka walipofika hakuiulizia tena simu yake.

Jua lilikuwa linazama walipoingia bomani Rangwe. Waliona maturubai tangu barabarani. Tony alimbeba yule mbuta mkononi, akapita katikati ya watu walioinuka na kunyamaza, akaenda moja kwa moja kwenye kiti kilichokuwa kitupu kando ya shangazi Awuor, akaketi kabla hajaambiwa aketi. Alipewa maji, akanywa. Wanaume wawili walisogea. Shangazi alifungua mdomo, akamwambia, kwa Kijaluo, kwa sentensi fupi. Tony aliinamia samaki mapajani mwake akalia kama anavyolia mtu aliyeshikwa pande zote mbili, bila kuogopa kuanguka.

Bhoke alisimama karibu na ukuta wa jiko. Alidhani, na hilo pia hulisema mwenyewe, kwamba amelipa.

Kesho yake, watu walipokuwa wakila, Tony alimfuata alipokuwa akiosha vikombe. Macho yalikuwa yamevimba. Edith alikuwa mlangoni pa jiko, amebeba sufuria ya chai.

"Nilijua," Tony alimwambia Bhoke. "Tangu uliposhuka kwa boti. Mtu anayeogopa maji vile havuki kwa sababu ya homa."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ingekuwa imeisha." Aliokota kikombe, akakifuta. "Ulinipatia njia yote, dada. Kutoka Remba mpaka hapa nilikuwa na mama bado. Nilimnunulia samaki. Nilimsengenya kidogo. Asante."

Mvuke wa chai ulipanda mbele ya uso wa Edith.

"Mimi nilikuwa nimeshika mkasi," alisema Edith.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza kitu kilikuwa wapi. Kisha akaingia na sufuria kuwapelekea watu chai, na Bhoke akabaki na mikono ndani ya maji, akielewa kwamba kadiri alivyomfanyia Tony vizuri ndivyo ilivyokuwa wazi kile alichomnyang'anya dada yake. Mwendo wa kutoka Migori mpaka Rangwe si mrefu. Edith angeweza kuupata. Angepita Uriri akiwaza anunue dawa gani ya kifua. Hakuna huduma duniani inayoweza kumrudishia mwendo huo.

Mwezi uliofuata kikundi kilikutana. Bhoke alisimama kuomba msamaha, akina mama wakamkatiza kwa kumwambia akae, walishamsamehe. Nyakerario alisema kosa ni la wote waliocheka. Walimrudishia Scovia daftari lake na wakampa msaidizi, Mellen, ili malaria isiwashike tena wakiwa na mtu mmoja. Scovia hapigi simu haraka. Huuliza jirani kwanza.

Bhoke bado anafunga kamba. Omwenga bado hupata njia yake ya maziwa alfajiri, na wateja wa Omanga bado hukumbushwa kuku waliokwisha kuliwa. Lakini sasa hachukui kalamu kabla ya kuuliza maswali mengi, mpaka wateja wengine huchoka. Mhubiri mmoja kutoka Homa Bay alimjia akitaka washiriki wote wapate habari mmoja wao akilazwa hospitali. Bhoke alimuuliza nani huwapa habari sasa.

"Mzee wa kanisa, Sammy. Anatembea nyumba kwa nyumba. Anachelewa sana."

"Akifika anafanya nini?"

"Anakaa. Anaongea mambo mengine kwanza. Ndiyo maana anachelewa."

"Basi mwache Sammy atembee," alisema Bhoke. "Nikufungie ya zamu za kwaya."

Edith alirudi kibandani baada ya matanga. Cherehani ililia tena upande wa pili wa mabati. Wanakunywa chai pamoja saa nne, na Edith anacheka, na bado anamwita Nyar Kuria, na mtu asiyejua hawezi kuona kitu. Hakuhama. Hakumsema kwa watu. Kuna wakati Bhoke hutamani angemsema.

Ila simu yake Edith haifungui tena mwenyewe. Ikilia, anasimamisha cherehani, anaweka chini alichoshika, kiwe mkasi au sindano au futi ya kupimia, anatoka, anazunguka ukuta wa mabati, na kuingia chumbani kwa Bhoke. Anaiweka mezani kati ya kompyuta mbili. Kama kuna mteja, mteja atangoja.

"Angalia," anasema, na kutazama nje kwa dirisha.

Bhoke anaifuta mikono, anaichukua, anasoma. Karibu kila mara ni mtu anaulizia sare, au ni tangazo la vifurushi. Anasoma mpaka mwisho hata hivyo, polepole, mara mbili, kisha anairudisha kwa mikono miwili.

"Hakuna kitu, Nyar Rangwe. Ni kitambaa kimefika."

"Haya," anasema Edith, na kurudi kushona.